Upepo wa matairi ya Wish, Kigoma hadi Tabora na watu saba: psi 28, 32 au 40?

BintiKatubuka

Mwakeye wadau. Naomba majibu ya wanaoyajua matairi.

Gari ni Toyota Wish ya cc 1800, la familia. Matairi yote manne ni 195/65R15 91H, tubulesi (hayana mpira wa ndani), kwenye rimu za spoti. Wiki ijayo linatoka Kigoma kwenda Tabora kwa njia ya Uvinza na Kaliua. Ndani watu wazima watano na watoto wawili, mabegi, madumu mawili ya mawese ya lita 20, na kiroba cha dagaa.

Majibu niliyopewa hayapatani. Mjaza upepo anasema 40 kwa sababu ya mzigo. Dereva anayepita sana njia hiyo anasema zisizidi 28, gari lisirukeruke kwenye vumbi. Ubavuni mwa tairi pameandikwa MAX PRESS 51 PSI. Na kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha Kijapani. Ninachoweza kusoma ni 195/65R15, 220 na 2.2.

Tena tairi la mbele kushoto linapungua. Likijazwa 32 Jumapili, Jumapili inayofuata linasoma 25 au 26 wakati mengine hayajasogea. Msumari hauonekani. Spea ni ile nyembamba.

Nifuate namba ipi, na nianze na lipi?

FundiRimu_Gungu

Dada, namba unayo tayari, ni ya kibandiko. 220 ni kilopaskali, na 2.2 ni kilo kwa sentimita ya mraba. Ni kipimo kilekile kimeandikwa kwa njia mbili. Kupata psi, gawanya kilopaskali kwa 6.9, inakuja 32. Ukikutana na geji ya bar, isome 2.2 na umemaliza. Gari lingine likiwa na 210 ni kama 30, 230 ni 33, 240 ni 35, 250 ni 36. Kibandiko kikiwa na mistari miwili yenye namba tofauti, wenye alama 前 ni matairi ya mbele na wenye 後 ni ya nyuma. Tena hakikisha saizi iliyoandikwa pale ndiyo iliyofungwa kwenye gari. Gari likiwa limebadilishwa rimu, namba ile haikuhusu moja kwa moja.

Ile 51 ya ubavuni iache. Huo ni ukomo wa tairi lenyewe, aliyeuandika hajui litafungwa kwenye gari gani. Tairi hilo la 195/65R15 linaingia kwenye magari mengi yenye uzito tofauti, na kila gari lina namba yake mlangoni.

Sasa 40. Haitalipasua tairi, tusitishane. Lakini kwa gari hili tairi linavimba katikati, linakanyaga chini kwa mkanda mwembamba, na kashata (mpira wenye mifereji unaokanyaga chini) za katikati zinaisha wakati za pembeni bado nzima. Breki inashika kidogo kwenye changarawe kwa sababu eneo linalogusa ardhi limepungua. Na ukiingia kwenye shimo, tairi gumu halibonyei kumeza pigo, linalipeleka kwenye rimu na shokapu. Kumbuka pia kwamba 40 ya asubuhi siyo 40 ya saa nane mchana. Ukishatembea saa moja kwa mwendo wa lami inapanda psi 4 hadi 6.

28 na watu saba ndiyo inayonitia hofu zaidi. Tairi lenye upepo mdogo linakunjika ubavu kila linapozunguka. Mzingo wa tairi hilo ni karibu mita 2, kwa hiyo kila kilomita linazunguka kama mara 500. Kwa kilomita 400 ubavu umekunjwa na kunyooshwa mara 200,000. Kila mkunjo unatoa joto kidogo, na joto hilo halina pa kwenda. Mpira unaanza kuachana na nyuzi na waya za ndani, mwishowe kashata inabanduka kipande kizima au ubavu unapasuka. Hilo hutokea mchana, gari limejaa, mwendo mkubwa, ndiyo maana watu wanalaumu jua au lami.

Kuhusu mzigo: Wajapani wanapokadiria uzito wa gari lililojaa wanamhesabu kila abiria kilo 55. Watu saba kwao ni kilo 385. Watu wazima watano wa kilo 75 na watoto wawili wa kilo 30 ni 435, bado mabegi. Dumu la mawese la lita 20 lina kama kilo 19, mawili 38. Sehemu kubwa ya uzito huo inakaa nyuma. Kwa hiyo jaza mbele 33, nyuma 35, tairi likiwa baridi. Ukishusha watu na mzigo Tabora, rudisha 32 zote nne. Hiyo 91 kwenye tairi inamaanisha tairi moja linabeba hadi kilo 615, kwa hiyo tairi lenyewe lina nafasi, mradi upepo uwepo.

Isevya_Tbr

Mwangaluka. Naongezea hapo kwenye "likiwa baridi", kwa sababu ndipo vipimo vingi vinapoharibikia.

Baridi maana yake gari limesimama angalau saa tatu, au limetembea pungufu ya kilomita 2 kwa mwendo wa taratibu, na jua halijalipiga. Wakati mzuri ni alfajiri kabla ya kutoka nyumbani. Gari likilala uwanjani upande mmoja ukiangalia mashariki, ikifika saa tatu asubuhi matairi ya upande huo yanasoma psi 2 au 3 zaidi ya yale ya kivulini. Mtu asiyejua anatoa upepo upande wa jua ili "yalingane", ikifika jioni hayalingani tena na upande huo umepungukiwa.

Joto la hewa linabadilisha upepo kama psi 1 na nusu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Huku Tabora asubuhi ya Julai ni baridi na mchana wa Oktoba unachoma, tofauti inapita nyuzi 15 kirahisi. Gari lililojazwa 32 mchana wa Oktoba na halikuguswa tena, Julai asubuhi litakuwa limeshapoteza psi 2 kwa baridi pekee. Hapo hatujahesabu upepo unaopenya kwenye mpira wenyewe, ambao kwa tairi zima ni psi 1 hadi 2 kwa mwezi. Ndiyo sababu kupima mara moja kwa mwezi ni kiwango cha chini, kila wiki mbili ni bora, na kabla ya safari ndefu ni lazima.

Mwinuko usikusumbue. Kigoma mjini iko kama mita 800, Tabora kama 1,200. Namba ya geji itapanda kidogo, haifiki psi 1, ukifika huku. Iache.

Kupima kwenyewe: fungua kifuniko, bonyeza kichwa cha geji kwa unyoofu juu ya valvu na kwa nguvu moja. Ukisikia "sss" inayoendelea, hujakaza sawa na namba hiyo ni ya uongo, rudia. Pima kila tairi mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya psi 1, pima ya tatu. Usiamini macho wala teke. Tairi la radia (lile lenye R kwenye saizi) linatuna kidogo chini hata likiwa na upepo kamili, na kati ya 24 na 32 wengi hawataona tofauti yoyote kwa kulitazama.

Nunua geji yako mwenyewe. Geji ya kompresa ya barabarani inaangushwa mchana kutwa, inakaa kwenye vumbi, na mshale wake mara nyingi haurudi sifuri. Hata geji yako iwe na kosa la psi 1, kosa hilo litakuwa lilelile kila siku, kwa hiyo utaona tairi linalopungua mapema.

BintiKatubuka

Asanteni sana. Swali: nyumbani sina kompresa. Mjaza upepo yuko kama kilomita 4. Nikifika kwake tairi tayari zimepata moto. Sasa nitapimaje baridi?

Isevya_Tbr

Pima nyumbani, ongeza kule. Alfajiri pima yote manne na uandike. Tuseme nyuma kulia linasoma 30 na unataka 35: linadai 5. Ukifika kwa mjaza upepo pima tena kwa geji yako ileile, tuseme sasa linasoma 32 kwa sababu ya joto. Ongeza zile 5, lifike 37. Usishtuke kuona 37. Kesho asubuhi litasoma 35 au karibu kabisa na hapo. Kinachohesabiwa ni deni la tairi ulilopima likiwa baridi. Asubuhi inayofuata hakiki, kama limezidi toa kidogo kwa kubonyeza pini ya katikati ya valvu. Kujaza psi 1 juu na kupunguza nyumbani ni rahisi kuliko kurudi kwa kompresa.

Mwambie mjaza upepo atoe kwanza maji kwenye tenki lake kwa koki ya chini, hasa asubuhi. Hewa ikibanwa unyevu unatengana na kukaa chini ya tenki, na kompresa isiyomwagwa maji inayasukuma ndani ya tairi. Maji hayo yanakula rimu kwa ndani na kuharibu valvu.

Kompresa ndogo ya volti 12 inayochomekwa sehemu ya kuwashia sigara inatosha kabisa kwa gari la familia. Washa injini, usiitumie mfululizo zaidi ya dakika zilizoandikwa juu yake (nyingi ni kama 10), kisha ipoe. Pampu ya mguu nayo inafanya kazi, inataka nguvu tu.

FundiRimu_Gungu

Tuje kwenye tairi la mbele kushoto, maana hili ndilo la kushughulikia kwanza, hata kabla ya namba za safari. Psi 6 au 7 kwa wiki si upepo wa kawaida kupungua. Kuna mahali panavuja, na bila msumari panapotokea mara nyingi ni valvu au ukingo wa rimu.

Koroga sabuni ya unga kwenye kikombe cha maji hadi yawe mazito kidogo. Jaza tairi hadi 36 ili uvujaji uonekane. Toa kifuniko, weka tone la povu juu ya mdomo wa valvu na usubiri dakika nzima bila kuligusa. Likituna, kiini cha valvu kinavuja, yaani kile kisindano cha ndani kinachofunguliwa kwa ufunguo wake mdogo wenye mpasuko. Kikaze kwanza, kwa nguvu ya vidole viwili tu. Kukikaza kupita kiasi kunaharibu kipete cha mpira. Bado kinatoa? Badilisha. Ni kitu cha bei ndogo na hakihitaji kuvua tairi, ila upepo wote utatoka ukikifungua, kwa hiyo uwe karibu na kompresa.

Kisha mwagia shina la valvu, ulikunje taratibu kila upande ukitazama mahali linapoingia kwenye rimu. Shina la mpira linakauka na kupata nyufa pale chini, na nyufa hizo hazionekani likiwa limesimama. Mara nyingine linavuja likikunjwa tu, ndiyo maana kwa fundi unaambiwa tairi ni zima, ukianza kutembea upepo unatoka. Hilo linabadilishwa shina zima. Kila unapofunga tairi jipya dai na shina jipya.

Valvu ikiwa salama, pakaa povu kuzunguka ukingo, pale mpira unapokutana na rimu, mbele na nyuma. Upande wa ndani hautaufikia bila kuvua gurudumu, livue na kulizamisha kwenye pipa la maji. Rimu za spoti ni aluminiamu. Baada ya miaka zinaota unga mweupe wa kutu ya aluminiamu chini ya ukingo wa tairi, na upepo unapenya hapo kidogo kidogo mahali pengi kwa wakati mmoja. Povu lake ni dogo sana, kama maziwa yanayoanza kuchemka, usilitafute kubwa. Dawa yake ni kulitoa tairi ukingoni, kusugua kiti chote cha rimu kwa brashi ya waya na msasa hadi kiwe laini, kufuta vumbi, kulainisha ukingo wa tairi kwa maji ya sabuni na kulirudisha. Usikubali apake grisi wala oili, zinaharibu mpira na kufanya tairi lizunguke peke yake kwenye rimu.

Wakati wa kulikalisha utasikia mlio mara mbili, ukingo wa nje na wa ndani. Mwiko ni kupita psi 40 kulazimisha mlio huo. Likigoma kufika hapo, toa upepo wote, lainisha upya, anza tena. Na ile ya kumwaga petroli ndani na kuwasha kiberiti ili tairi litune, usiruhusu ifanyike kwenye gari lako hata kama fundi anasema ameizoea. Mlipuko unaweza kurusha tairi na rimu usoni mwa mtu, na moto unaunguza tairi kwa ndani pasipoonekana.

Mwisho angalia kama rimu ina ufa au imekunjika ukingoni kutokana na shimo. Iliyokunjika kidogo inanyooshwa, yenye ufa inatupwa.

KasuluRodi

Fundi yuko sawa. Kwa tairi kama hilo wengi hapa wanamalizia kwa kuingiza mpira wa ndani, wanakuambia "weka tyubu, utasahau". Kwa gari la mjini linalotembea taratibu linakwenda. Kuna ubaya gani kwa safari?

FundiRimu_Gungu

Ubaya upo na ni mkubwa, kaka. Tubulesi ndani yake ina mistari na alama zilizotokeza. Tyubu inasuguana nazo kila mzunguko, inapata joto, inakonda, inatoboka. Na inavyotoboka ndiyo tatizo. Msumari kwenye tubulesi mara nyingi unabaki umejiziba, upepo unatoka kwa nusu saa au zaidi, dereva anahisi usukani unavuta na anapata muda wa kusimama. Tyubu ikitoboka hewa inakimbilia kwenye nafasi kati yake na tairi, inatokea kwenye tundu la valvu, tairi linakwisha upepo mara moja. Kwa gurudumu la mbele lenye watu saba kwenye mwendo wa 80, hiyo ndiyo ajali yenyewe. Isitoshe tyubu haijaponya rimu iliyooza, imeifunika.

Pancha ya msumari kwenye kashata, tundu lisilozidi milimita 6, inazibwa vizuri kwa kiraka cha uyoga kinachopandikizwa kutoka ndani baada ya tairi kuvuliwa. Ile kamba ya kusukumiza kwa nje ni ya kukufikisha, ikague tena ukifika. Tundu la ubavuni au begani halizibwi kwa namna yoyote.

KasuluRodi

Nimekuelewa. Ila kuhusu 28 msimtupe kabisa yule dereva. Kwenye vipande vya vumbi vyenye mawimbi, tairi la 35 linadunda, gari linakosa mshiko kwenye kona na vifaa vya chini vinalegea. Ukipunguza hadi 28 au 29 na ukaenda 40 kwa saa, joto halipandi kiasi hicho kwa sababu mwendo ni mdogo, na abiria wanapumzika. Anayeendesha Land Cruiser kwenye njia za namna hiyo anapunguza na anafanya sawa.

Isevya_Tbr

Land Cruiser ina tairi la ubavu mrefu, lenye nyuzi nyingi, na rimu iko mbali na ardhi. Tairi la 195/65 ubavu wake ni kama sentimita 12 na nusu tu. Wish yenye watu saba ikikanyaga jiwe au ukingo wa shimo kwa psi 28, ubavu unabanwa kati ya rimu na jiwe, nyuzi zinakatika, na unabaki na uvimbe kama yai. Uvimbe huo maana yake hewa imezuiliwa na mpira mtupu, tairi hilo halina safari tena.

Kanuni yako ina masharti mawili ambayo familia nyingi hazina: pampu ndani ya gari ya kurudisha upepo kabla ya kugusa lami, na uvumilivu wa kukaa kwenye mwendo wa 40 kwa saa. Kinachotokea kweli ni kwamba lami inaanza, mtu anakanyaga 100 na tairi bado lina 28. Kwa gari tupu, watu wawili, na kompresa kwenye buti, punguza psi 2 au 3, sina ugomvi. Kwa safari ya dada huyu, punguza mwendo badala ya upepo. Kwenda 35 badala ya 60 kunapunguza pigo la kila tuta kuliko psi 5 zozote.

KasuluRodi

Hapo kwenye pampu nakubali. Bila pampu asiguse valvu njiani.

Basi niongeze cha njiani. Mkisimama Kaliua au Urambo, dereva azunguke gari na kuweka mgongo wa mkono kwenye kila tairi, ubavuni. Yote yawe na uvuguvugu unaofanana. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, lina upepo mdogo, au breki yake inashika, au bearingi imeanza kufa. Gusa na rimu: rimu ikiwa ndiyo inayochoma kuliko mpira, tafuta kwenye breki. Mpira ukiwa ndio unaochoma, pima upepo.

Ukipima wakati huo, namba zitakuwa juu. Uliyejaza 35 utaona 39 au 40, usitoe hata kidogo. Ukitoa, likipoa usiku litakuwa na 30 na asubuhi unaendelea na safari na tairi pungufu. Ila tairi likipanda zaidi ya psi 7 hivi kutoka kipimo cha baridi, hiyo ni dalili kwamba upepo ulikuwa mdogo tangu mwanzo, au mzigo au mwendo umezidi. Simama kivulini, acha lipoe, kisha mpunguze mwendo.

Kabla ya yote hayo, dada, tazama tarehe za matairi. Ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne kwenye kiduara cha mviringo: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine zipo upande wa ndani tu, itabidi ulale chini utazame. Mtumba wenye kashata nzuri unaweza kuwa wa miaka kumi, na mpira wa umri huo umekakamaa, upepo sahihi haumsaidii mtu. Kuanzia miaka sita ukague kila mwaka nyufa ndogo ubavuni na kwenye mifereji. Ukifika kumi toa, hata kama kashata zipo. Na kashata zikifika kwenye vile vituta vidogo vilivyo ndani ya mifereji, zimebaki milimita 1.6, muda wake umekwisha.

BintiKatubuka

Nimefanya jaribio la sabuni. Valvu haitoi kitu. Povu dogo linatoka ukingoni mwa rimu kwa nje, karibu robo ya duara, na kuna unga mweupe kama mlivyosema. Kesho linakwenda kusuguliwa. Tarehe ni 1221 kwa yote manne. Nimeona pia tairi hilohilo limekula pembeni kwa ndani tu, nje bado. Hiyo nayo ni upepo?

FundiRimu_Gungu

Upepo mdogo unakula pembeni zote mbili, ya ndani na ya nje. Upepo mwingi unakula katikati. Likiliwa upande mmoja peke yake ni mpangilio wa magurudumu, peleka alaimenti. Likiliwa madoadoa kuzunguka tairi, tazama shokapu na wili balansi. Kwa kuwa ni la kushoto pekee, kabla ya kulipia alaimenti mwambie fundi atikise gurudumu likiwa kwenye jeki. Akishika juu na chini likacheza, ni bearingi au bol jointi. Akishika kushoto na kulia likacheza, ni tairodi endi. Kupima alaimenti juu ya vitu vilivyolegea ni kupoteza fedha.

Akilirudisha, nati zikazwe kwa kuruka mkabala, siyo kwa kuzunguka. Spana ni ya 21, na nguvu inayotakiwa kwa Toyota ndogo ni nyutoni mita 103, karibu kilo 10 na nusu kwenye mpini wa mita moja. Bila spana ya kupimia, mtu mzima akikaza kwa spana ya gari lenyewe kwa mikono, bila kusimama juu yake wala kuongeza bomba, anakaribia hapo. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza. Kwa safari yenu, litembezeni kwanza hapo mjini, Ujiji na Mwandiga, msingoje mfike Uvinza ndipo mkague.

BintiKatubuka

Vizuri. La mwisho: spea nimeipima sasa hivi, inasoma 31. Nayo niiweke 35?

Isevya_Tbr

Hapana, hiyo ni tofauti kabisa. Spea nyembamba inaanza na herufi T kwenye saizi yake, na ubavuni imeandikwa 420 kPa, au 4.2, yaani psi 60. Ni nyembamba kwa hiyo inabeba mzigo kwa nguvu ya upepo. Kwa 31 na gari lililojaa itakunjika hadi rimu iguse chini kabla hamjafika kwa fundi.

Ijaze kwa vipande: 30, 40, 50, 60, ukisimama kila hatua kupima, na aliyejaza akae upande wa kashata, siyo mbele ya ubavu. Ikifika 60 pakaa sabuni kwenye valvu na ukingoni, kwa sababu spea iliyoshuka hadi 31 huenda nayo inavuja au haijapimwa miaka.

Ukomo wake ni kilomita 80 kwa saa, na kwa mzigo wenu nendeni chini ya hapo hadi kwa fundi wa kwanza. Wish inayovutwa na magurudumu ya mbele isifungwe spea hiyo mbele. Pancha ikitokea mbele, toa tairi zima la nyuma uliweke mbele, spea ikae nyuma. Ni jeki mara mbili, lakini breki na usukani vinabaki kwenye matairi yanayolingana, na gia haisumbuliwi na magurudumu mawili yenye vipimo tofauti.

Iache usiku mmoja. Asubuhi ikisoma 60 tena, irudishe chini ya buti valvu ikiangalia juu, ili kila unapopima yale manne uweze kuifikia na geji bila kuitoa.